Kompyuta Inajizima na Kujiwasha Kama Ina Mapepo? Cheki Hizi Vitu Kabla Uambiwe "Madabodi Imekufa"

Uko saiba pale mjini Voi, ama uko kejani Sofia, unamalizia fomu ya HELB. Mara skrini inakuwa nyeusi, feni inanyamaza sekunde mbili, halafu mashine inajiwasha tena yenyewe kama hakuna kitu kimefanyika. Fomu imeenda. Ama mbaya zaidi: asubuhi unabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inazunguka, na skrini inabaki giza totoro. Unaita fundi. Fundi anafungua kasha, anatikisa kichwa kama daktari wa kwa sinema, anasema: "Hii madabodi imekufa, bosi."

Maze, ngoja kwanza. Usitoe hata soo moja.

Kompyuta ya mezani haina mapepo. Inajizima juu ya sababu, na sababu zenyewe si nyingi: stima, joto, vumbi, rami, diski, kitufe kimekwama, ama kabetri kadogo bei ya soda. Madabodi, ile kitu inatajwanga kwanza, kwa ukweli ndio inafaa kuwa ya mwisho kwa laini. Si eti haifi. Inakufa. Lakini huwezi jua imekufa kabla hujatoa hao wengine wote kwa kesi.

Na kwa sisi wa Taita Taveta hii maneno ina uzito wake. Voi iko kilomita kama 150 kutoka Mombasa na zaidi ya 300 kutoka Nairobi. Maduka ya kompyuta yapo, lakini ukitaka pawa saplai ya HP ya saizi fulani ama madabodi ya Dell ya modeli fulani, mara mingi italetwa na basi kutoka Mombasa ama Luthuli Avenue. Kama uko Wundanyi ama Taveta, ongeza matatu. Sasa fikiria umelipa kifaa, umelipa parseli, umengoja siku tatu, umefunga, na mashine bado inajizima. Huko Nairobi msee akikosea anavuka barabara anabadilisha. Wewe unaanza safari upya. Ndio maana inabidi ujue ni nini imeharibika kabla uagize.

Soma tabia yake kwanza

Kabla ushike bisibisi, kaa chini na ujiulize: inajizima lini? Hii swali peke yake inamaliza nusu ya kazi, na haina gharama. Chukua karatasi uandike kwa siku mbili ama tatu: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, na kulikuwa na nini kingine kimewashwa kwa hiyo nyumba.

Kama inakaa dakika kumi hivi halafu inazima, na ukiiwasha papo hapo inazima haraka zaidi, hiyo ni joto. Kama inazima wakati taa za nyumba zinafifia, ama wakati jamaa wa kuchomelea mageti kwa jirani ameanza kazi, hiyo ni stima. Kama iko sawa ukiandika barua lakini inajiwasha upya ukifungua gemu, pawa saplai imechoka ama haitoshi. Kama inaleta skrini ya bluu kwanza, shuku rami, diski ama draiva. Kama inazima ukigusa meza, kuna kebo imelegea mahali. Na kama inazima tu usiku saa ile hauko, tena ukirudi unapata imejiwasha vizuri, hiyo pengine ni Windows imefanya apdeti na kujirestati. Wachana nayo, mpangie tu saa zake za kazi kwa mipangilio.

Kuna kamoja hata mafundi husahau: kitufe cha kuwasha chenyewe. Ukikibonyeza na kukishikilia sekunde nne ama zaidi, kompyuta inazimwa kwa nguvu. Sasa kitufe kikiwa na soda iliyomwagika mwaka jana, ama vumbi limekifanya kikwame ndani, mashine inafikiria kuna mtu ameshikilia. Inazima. Unawasha, inazima. Na madabodi haina makosa yoyote. Jaribu kuchomoa kale kawaya ka kitufe kutoka kwa madabodi mara tu mashine imewaka. Ikikaa bila kuzima, umeshapata mwizi, na mwizi ni wa plastiki.

Kuna kitu kingine cha bure. Windows imesetiwa ijirestati haraka ikipata shida, kwa hivyo ile skrini ya bluu inapita kabla uisome. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, halafu Settings chini ya Startup and Recovery, na utoe tiki kwa Automatically restart. Sasa ikianguka itabaki hapo ikikuonyesha kodi. Piga picha na simu.

Halafu fungua eventvwr.msc, ingia Windows Logs, kisha System, utafute Kernel-Power namba 41. Wengi wakiiona wanapiga nduru eti wamepata jibu. Hapana. Hiyo 41 inasema tu mashine iliwaka bila kuzimwa vizuri kabla, na hiyo ulikuwa unajua tayari. Kitu ya maana iko ndani, kwa Details: panasema BugcheckCode. Ikiwa ni sifuri, Windows haikupata hata nafasi ya kulalamika. Ama ilikatiwa stima, ama iliganda kabisa. Ikiwa si sifuri, Windows yenyewe ilianguka, na hiyo namba ndio ya kutafuta maana yake. Hapo tayari ushagawanya washukiwa mara mbili.

Stima, mshukiwa namba moja

Kenya tunatumia volti 240. Hiyo ni ya kwa karatasi. Mwisho wa laini, nyumba nyingi kwa transfoma moja, jioni kila mtu amewasha kitu, inashuka. Stima ikipotea halafu irudi, inarudi na mshtuko. Na ikirudi mara nyingi haikai: inakuja, inaenda, inakuja tena. Huo mchezo ndio unaua pawa saplai. Stima ya nchi yetu ina historia yake, si unajua: tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka kwa transfoma ya stesheni ya Gitaru, na nchi karibu yote ikaingia giza kwa masaa. Tumbili alipona. Sijui pawa saplai ngapi hazikupona.

Anza na vitu rahisi. Toa ekstensheni, choma kompyuta moja kwa moja kwa soketi ya ukuta. Badilisha ile kebo nene ya stima na nyingine. Hizo kebo zinalegea kwa kasha na msee anazunguka akitafuta ugonjwa mkubwa. Sukuma kebo hadi ikae imara. Kama pawa saplai yako ni ya kitambo na ina kaswichi kekundu nyuma kameandikwa 115 na 230, kakae kwa 230 na usikaguse kamwe. Kukaweka 115 halafu uchome kwa stima ya hapa ni kualika mlipuko mdogo na moshi.

Wenye saiba, hii ni yenu: printa ya leza isikae kwa UPS na kompyuta. Ile printa ikipasha joto ya kukaza wino inavuta stima kwa kishindo, UPS inalemewa, na mashine zote zinazima pamoja. Unalaumu kompyuta na shida ni mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Choma printa kwa ukuta.

UPS nayo ijaribiwe. Fungua kitu kisicho na maana kwa kompyuta, halafu chomoa UPS kutoka kwa ukuta. Ikizima papo hapo, betri ya UPS imekufa, na umekuwa ukibeba tofali lenye taa ya kijani. Betri za UPS hazipendi joto. Kwa mji kama Voi, pahali nyuzi 30 ni kitu ya kawaida, usishangae ikichoka mapema kuliko vile ulitarajia. Lakini kuna hali nyingine ya ujanja: UPS ni nzima, na bado kompyuta inajirestati kila stima ikipotea. UPS hizi za kawaida huchukua milisekunde chache kuhama kutoka kwa stima hadi kwa betri. Pawa saplai nzima inaweza kushikilia pumzi kwa hizo milisekunde. Ile imezeeka haiwezi. Kwa hivyo ukiona hivyo, usinunue UPS mpya. Angalia pawa saplai.

Utaijaribu aje? Njia bora ni kuazima pawa saplai nzima kutoka kwa mashine ya modeli ileile. Saiba yenye kompyuta sita za aina moja ina maabara tayari na mwenyewe hajui. Kwa Dell OptiPlex nyingi kuna kitu fiti zaidi: nyuma, pale kebo inaingia, kuna kitufe kidogo na kataa. Kompyuta ikiwa imechomwa kwa soketi, bonyeza. Taa ikiwa kijani, pawa saplai iko hai. Isipowaka, zima, chomoa kwa ukuta, toa kebo zote za pawa saplai kutoka kwa madabodi na diski, choma tena kwa ukuta na ubonyeze. Ikiwaka sasa, pawa saplai haina shida, kuna kitu ndani ya kasha kinapiga shoti. Rudisha kebo moja moja, ukichomoa kwa ukuta kila mara, hadi umpate.

Kama una mita ya kupima stima na unajua kuitumia, waya wa njano usome karibu volti 12, mwekundu karibu 5, wa machungwa 3.3. Ikipotoka zaidi ya asilimia 5, yaani njano ikiwa chini ya 11.4, imechapa. Ile mbinu ya kuunganisha waya wa kijani na mweusi na klipu ya karatasi inafanya kazi kwa pawa saplai za kawaida zenye pini 24, lakini Dell na HP nyingi za ofisi zina mpangilio wao wa pini. Kwa hizo usijaribu. Na pawa saplai yenyewe usifungue, hata kama imechomolewa tangu asubuhi. Kapasita za ndani zinaweza kuwa bado zimebeba moto wa kukutupa ukutani.

Wapenzi wa gemu, tuongee kidogo. OptiPlex 7010 ile ndogo ilitoka kiwandani na pawa saplai ya wati 240. Ukiweka kadi ya grafiki inayokula wati 120 peke yake, halafu prosesa pia inataka chakula chake, mashine itazima kila ukifunga goli. Haijaharibika. Ina njaa.

Kitu moja kuhusu kasha linalokuuma-uma vidole ukiligusa. Hiyo inamaanisha ethi ya nyumba haipo ama haifanyi kazi. Udongo mkavu haupitishi stima vizuri, kwa hivyo kipindi cha kiangazi hiyo shida huzidi. Hapo umpigie fundi wa stima, si wa kompyuta, na usingoje wiki. Hii ya kuuma vidole inaweza kuua mtu.

Joto na vumbi jekundu

Wale ndovu wekundu wa Tsavo mnaowaona wakipigwa picha na wazungu hawakuzaliwa wekundu. Ni hili vumbi letu. Na hili vumbi halichagui kati ya ndovu na Dell. Feni inavuta hewa, hewa inakuja na vumbi, vumbi linakaa katikati ya mapezi ya kile chuma cha kupoza prosesa, na baada ya miezi kadhaa unapata blanketi nzima hapo ndani. Prosesa ikipata joto inajipunguza mwendo kwanza. Joto likizidi kupanda hadi lipite kiwango, inazima mashine ili isiungue. Huo ni ulinzi, si ugonjwa.

HP Compaq nyingi za ofisi za kitambo hata hukuambia zenyewe. Kitufe kikiwaka nyekundu mara mbili na kupiga mlio mara mbili, ni prosesa imepata joto. Mara nne ni pawa. Mara tano ni rami. Hesabu kabla ya kulipa mtu ahesabu kwa niaba yako.

Kusafisha: zima, chomoa kebo, bonyeza kitufe cha kuwasha mara kadhaa ili stima iliyobaki iishe, toa mashine nje. Shika chuma cha kasha kidogo kabla uguse ndani. Tumia brashi laini ya rangi na bloa ndogo, na ushikilie feni isizunguke wakati unapuliza. Tafadhali usiipeleke kwa jamaa wa pancha. Kompresa yake ina nguvu ya kuvunja feni, na inatema maji na oili bila kukuambia. Pia usimwagie maji, hata kama video fulani ilikuonyesha.

Kama imefika miaka minne, mitano bila kufunguliwa, ile pesti kati ya prosesa na chuma imekauka imekuwa chaki. Futa yote na spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, basi. Wengine huweka dawa ya meno. Inafanya kazi siku chache halafu inakauka, na unarudi palepale ukiwa na prosesa yenye harufu ya minti.

Watu wa milimani mna shida tofauti. Wundanyi na Ngerenyi kuna ukungu na baridi, mashine haichemki, lakini unyevu unakula pini za rami na kadi mos mos. Kompyuta iliyokaa wiki mbili bila kuwashwa, kwa mfano likizo, inakataa kuonyesha kitu kwa skrini. Mara nyingi ni uchafu tu kwa pini.

Na kote, juu na chini, kuna wadudu. Mjusi kafiri anapenda pawa saplai juu ina joto usiku. Akikanyaga pahali pabaya, yeye na pawa saplai wanaenda pamoja. Ziba yale mapengo ya nyuma ya kasha ambayo hayana kadi. Feni na matundu ya hewa usizibe.

Inawaka lakini haifiki kokote

Hapa kuna hatua tatu, na usizichanganye. Haina uhai kabisa, ni mambo ya stima tuliyoongea. Ina taa na feni lakini skrini ni nyeusi, hiyo ni nyingine. Inaonyesha nembo ya Dell ama HP halafu inakwama, hiyo ni ya tatu.

Skrini nyeusi: cheki monita kwanza, usicheke. Ina stima? Kebo imekaza? Na kama kompyuta ina kadi ya grafiki, kebo ya monita ichomwe kwa kadi, si kwa madabodi. Kisha fungua, toa rami zote, uzifute pini za dhahabu na raba safi ya kufutia penseli, utoe vumbi la raba, urudishe moja tu hadi isikike ikifunga pande zote mbili. Washa. Jaribu sloti nyingine. Jaribu rami nyingine peke yake. Hii kazi ya dakika ishirini imefufua mashine nyingi zilizokuwa zimeshaandikiwa cheti cha kifo. Ikiwaka na moja na kukataa na nyingine, umejua ni gani imekufa. Ikiwaka na zote lakini bado inaanguka ovyo, andika mdsched kwa Windows uiache ipime rami, ama tumia MemTest86 kwa flashi usiku mzima.

Ikiwaka sekunde moja, ikazima, ikawaka, ikazima, angalia ile kebo ndogo ya pini nne karibu na prosesa. Halafu toa kila kitu kisicho lazima: diski, kadi, USB zote. Ibaki prosesa, rami moja, pawa saplai. Ikikaa imewaka hivyo, rudisha kimoja kimoja.

Kabetri ka bei ya soda

Sasa hii ndio sehemu nataka usome mara mbili, juu hapa ndio watu hubebwa ufala na kupoteza kazi zao.

Kwa madabodi kuna betri ya duara, CR2032, volti 3. Kazi yake ni kushikilia saa na mipangilio ya BIOS wakati kompyuta haina stima kabisa. Ikiwa imechomwa kwa ukuta, hata ikiwa imezimwa, betri inapumzika. Lakini sisi tunachomoa kila usiku kwa kuogopa mshtuko wa stima, na tunafanya vizuri. Bei yake ni kwamba betri inafanya kazi kila usiku, na inaisha mapema.

Dalili ya kwanza ni saa kurudi nyuma miaka. Msee anakuja kufungua eCitizen, brauza inakataa inasema muunganisho si salama, anafikiria intaneti ndio mbaya. Ni tarehe tu. Dalili ya pili ndio hatari. Mipangilio ya BIOS inarudi vile ilitoka kiwandani. Chukua Dell OptiPlex ambayo mtu aliwekea Windows ikiwa diski imesetiwa AHCI. Betri ikifa, nyingi za hizo mashine zinarudi kwa RAID. Windows inawaka, haioni diski yake vile ilivyozoea, inaleta skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, inajirestati, inaleta tena. Ama Windows ya kitambo iliwekwa kwa Legacy na BIOS imerudi UEFI: unaambiwa hakuna kifaa cha kuanzia.

Fundi mwenye haraka akiona hiyo anasema Windows imeharibika, tuformati. Na anaformati. Projekti yako ya mwaka wa nne pale TTU, vitabu vya hesabu vya chama, picha za marehemu shosho, zote zimeenda, na hakuna kitu kilikuwa kimeharibika isipokuwa kabetri ambako hakafikii bei ya sahani ya pilau.

Kwa hivyo: badilisha betri, ingia BIOS, ambayo kwa Dell ni F2 na kwa HP ni F10, rekebisha tarehe, halafu urudishe hali ya diski kati ya AHCI na RAID, na ya kuwasha kati ya Legacy na UEFI. Ukijaribu upande mmoja ukakataa, rudisha ujaribu mwingine. Haifuti kitu. Sai kabla shida ije, ingia hapo na upige picha za kila ukurasa wa BIOS, uzitume kwa WhatsApp yako mwenyewe. Ukiwa hapo, tafuta AC Recovery, ama After Power Loss kwa HP, uiweke kwa kuzima. Hivyo stima ikirudi inayumbayumba, kompyuta haitajiwasha kuipokea.

Diski, na lile neno "formati"

Ukiambiwa hakuna kifaa cha kuanzia, toa flashi zote kwanza. Wengi wamelia na ni flashi ya mteja imesahauliwa mbele. Kisha cheki kebo mbili za diski.

Diski ya kuzunguka ikianza kulia kwa mpigo, tak, tak, tak, zima sasa hivi. Kila dakika unaongeza unapunguza nafasi ya kutoa vitu vyako. Kama haijaanza kulia hivyo, itoe, uichome kwa kompyuta nyingine na kebo ya USB, ama uwashe mashine na flashi ya Ubuntu bila kuiinstoli, na ukopi vitu vya maana kwanza. Vya maana kwanza, si sinema. Baada ya hapo ndio unaweza kujaribu chkdsk na sfc /scannow, ama kuformati. Ukiona skrini inataka funguo ya BitLocker, iangalie kwa akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine kabla mtu afute chochote.

Ukienda kwa fundi

Kuna mafundi wakali sana Voi, na wengine wamesomea hiyo kitu hapo hapo TTU. Fundi mzuri hatakasirika ukiuliza maswali. Mwambie: "Nionyeshe." Kama ni pawa saplai, aweke nyingine mbele yako iwake. Kama ni rami, vilevile. Kama ni madabodi, akuonyeshe kapasita zilizovimba kichwa ama pahali pameungua, na kwamba amejaribu pawa saplai, rami na betri nyingine nzima. Kapasita za kuvimba si hadithi: Dell OptiPlex GX270 na GX280 za miaka ya 2003 hadi 2005 zilijulikana dunia nzima kwa huo ugonjwa.

Kabla uache mashine, piga picha ya stika za rami na diski, namba zote. Andika ina rami ya gigi ngapi. Kuna pahali kompyuta inaingia na gigi 8 inatoka na 4, na hakuna mtu ameona kitu. Na useme kwa sauti, ikiwezekana kwa meseji ibaki ushahidi: usiformati bila kuniuliza.

Kama kweli ni madabodi, uliza bei yake pamoja na ya kuituma, halafu uliza bei ya mashine nzima ya ex-UK ya modeli ileile. Mara nyingi tofauti ni ndogo, na ukichukua mashine nzima, ile ya zamani inakuachia pawa saplai, rami, feni na diski za akiba. Na kama ni Juni na una saiba, fanya huo uamuzi kabla ya tarehe 30, juu siku hiyo ya ritani za KRA laini itafika nje kwa barabara, na hakuna basi ya kutoka Mombasa itafika na kifaa chako kabla ya usiku wa manane.